Mali Tisa, Mto Mmoja

Waraka wa wazi kwa mwenyekiti wa chama chetu cha uwekezaji
Kivaa, Masinga, Kaunti ya Machakos

Mheshimiwa Mwenyekiti,

 

Nauandika waraka huu hadharani kwa sababu nimenyoosha mkono katika mikutano mitatu mfululizo, na mara zote tatu nimeambiwa ajenda imejaa. Sikukusudia kukuvunjia heshima. Wewe ndiwe uliyetukusanya tulipokuwa kumi na wawili, kila mmoja ameshika noti ya shilingi mia mbili, na bila wewe wengi wetu hatungejua kuweka hata senti. Lakini fedha ile sasa ni karo ya watoto na dawa ya wazee. Mwenye macho haambiwi tazama, ila aliyeyafumba huguswa bega. Naomba uupokee waraka huu kama mkono begani.

Desemba iliyopita ulisimama chini ya mwarobaini, ukafungua lile daftari jeusi, ukatusomea mali za chama moja baada ya nyingine. Viwanja vitatu kando ya barabara. Vyumba vya kupanga sokoni. Duka la pembejeo. Pikipiki nne za bodaboda. Shamba la matikiti kando ya ziwa. Mbuzi. Mikopo kwa wanachama. Ulihesabu kwa vidole, kila kiwanja na kidole chake, vikafika tisa. Kisha ukafunga daftari na kusema, "Tumetawanya mali, haiwezi kuanguka yote." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na baadaye uliniuliza kwa nini. Jibu langu ndilo hili.

Turudi nyuma kidogo, Mwenyekiti. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya nchi kavu ya Kenya, nasi tumo. Ziwa likarudi nyuma, bomba letu halikufika majini, na matikiti yakakauka yakiwa na ukubwa wa ngumi. Mkulima asiyevuna hanunui mbegu wala dawa, kwa hiyo duka la pembejeo likakaa na mifuko yake. Asiyeuza kitu sokoni hapandi bodaboda, vijana wakashindwa kuleta hesabu ya jioni. Wapangaji wetu ni wale wale wa sokoni, wakaanza kuomba wangojewe. Wanachama wakashindwa kulipa mikopo. Mbuzi wakakonda, na kila mtu akapeleka wake sokoni siku moja, bei ikaanguka. Tulipotaka kuuza kiwanja tuokoe mambo, hakupatikana mnunuzi, kwa kuwa ambaye angenunua naye alikuwa anauza chake.

Mali tisa zilianguka kwa ukame mmoja, Mwenyekiti. Kumbe hazikuwa tisa. Zote zilikuwa zinakunywa mto mmoja, nao ni mvua ya Kivaa.

Tena mfano wa kosa hili uko hapa hapa, mbele ya macho yetu. Anayepanda Kilima cha Kivaa anauona Mto Tana ulivyofungwa. Kindaruma ilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga yetu 1981, na Kiambere 1988. Kwenye karatasi hivyo ni vituo vitano vya umeme. Kiangazi kikiingia ni kimoja, maana maji yanayopita Masinga ndiyo yanayoshuka Kamburu, ndiyo yanayozungusha mashine za Gitaru, hadi Kiambere. Ukame wa 1999 na 2000 ulipokuja, nchi nzima iligawiwa umeme kwa zamu. Mwaka 2009 kituo cha Masinga kilizimwa kwa kukosa maji.

Kilichoipunguzia nchi utegemezi huo hakikuwa bwawa jingine juu ya mto ule ule. Ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha, ambao mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka ule ule wa 1981 ukiwa na megawati 15 tu. Mvuke hauulizi kama mvua imenyesha. Leo ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa Kenya. Hivyo ndivyo kutawanya mali kunavyopaswa kuwa: kuwa na kitu ambacho hakishindwi siku ile kingine kinaposhindwa. Kuhesabu vitu vingi ni jambo jingine kabisa.

Wasomi walilipatia jambo hili hesabu yake. Mwaka 1952 kijana wa Chicago, Harry Markowitz, aliandika kwamba hatari ya mali haipimwi kwa kuitazama mali moja moja, bali kwa kutazama jinsi mali hizo zinavyopanda na kushuka pamoja. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1990. Lakini mwaitu, mama yangu, hakusoma Chicago. Katika ekari zake mbili alipanda mahindi ya Katumani yanayokomaa upesi kabla mvua haijakata, kunde za kula majani wiki chache baada ya kupanda, ndengu za kuuza, mtama kwa mwaka mbaya, na mbaazi zenye mizizi mirefu zinazongoja msimu wa pili mahindi yakishakauka. Kila zao lilikuwa na tarehe yake na namna yake ya kufa. Shamba lake moja lilikuwa limetawanywa kuliko mali zetu tisa. Nasema hivi nikijua utaumia, kwa sababu mama yako alilima vivyo hivyo, na wewe uliona.

Basi kwa nini sisi watoto wao tulisahau? Hapa ndipo moyo wangu unaponiuma zaidi, maana adui yetu si soko, wala si serikali, wala si ukame. Kikulacho ki nguoni mwako. Tunapoteza fedha kwa tabia zilizomo ndani yetu wenyewe, na tabia hizo zina majina na zimepimwa.

Ya kwanza ni kuchukia hasara kuliko tunavyopenda faida. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza mwaka 1979, na baadaye wakakadiria kwamba uchungu wa kupoteza shilingi ni kama mara mbili ya furaha ya kuipata. Uchungu huo humfanya mtu ang'ang'anie kilichokufa ili asikiri kwamba kimekufa. Unakumbuka ile pampu ya ziwani, Mwenyekiti? Nilienda kuiona mwezi wa Agosti. Imefunikwa turubai la bluu lililochanika, feni yake imeshika kutu, na mabomba yaliyokuwa meusi yamegeuka kijivu na kupasuka kwa jua kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Toka mwisho wa bomba hadi kwenye maji nilihesabu hatua mia mbili na kumi. Mwezi uliofuata kamati ikapitisha tununue pampu ya pili, na sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ni hii: "Tumeshatumia laki nne, hatuwezi kuacha." Laki nne zilishakwenda. Hazirudi tukiacha, wala hazirudi tukiongeza. Swali lilipaswa kuwa moja tu: kama leo tungekuwa na fedha hizi mkononi bila pampu yoyote, tungezipeleka kwenye shamba lile? Hakuna aliyeuliza.

Ya pili ni ndugu ya hiyo: kuuza kinachopanda na kukumbatia kinachoshuka, huku macho yameganda kwenye bei tuliyonunulia. Wengi wetu tulianza mambo ya hisa mwaka 2006, KenGen ilipouza hisa zake kwa shilingi 11.90. Tulizinunua kwa fahari, maana ni kampuni inayozungusha mashine za bwawa letu. Soko lilipofunguliwa zikapanda zaidi ya mara tatu. Tukakataa kuuza, tukingoja zaidi. Zikaanza kushuka, tukasema tutauza zikirudi pale juu. Zikapita 11.90 zikiteremka, tukaapa hatuuzi kwa hasara. Mwishoni mwa 2023 hisa moja ilikuwa kama shilingi 2. Soko halijui tulinunua kwa ngapi, Mwenyekiti, na halijali. Tena tazama: mtu wa Kivaa ambaye shamba lake na biashara yake, na kwa sehemu hata hisa zake, vinategemea maji ya Tana, huyo ameweka nini pembeni?

Ya tatu ni kukimbia na umati. Mwaka 2008 zaidi ya watu laki nane walijitokeza kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5, wengine kwa mikopo ya benki. Kabla mwaka haujapita bei ilikuwa imeshuka chini ya tano, na wenye mikopo wakauza kwa hofu. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe na kutulia aliiona hisa hiyo hiyo ikipita shilingi 40 mwaka 2021, kisha ikashuka tena sana kufikia 2023. Hisa ilikuwa moja, ila mioyo ilitofautiana. Mwaka 2013 wakaja kware. Nchi nzima ikajenga vizimba, mayai yakasifiwa kuwa dawa ya kila ugonjwa, na mwaka uliofuata hakuna aliyetaka kununua, kwa kuwa kila mnunuzi alishakuwa mfugaji. Na Januari 2024, shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola, kamati yako iliketi jioni moja, bila mkutano, ikanunua dola kwa akiba ya karo. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 131. Kuwa na dola kidogo si kosa. Kosa ni kuzikimbilia siku ambayo kila mtu anazikimbilia, tena kwa fedha inayohitajika shule zikifunguliwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ya nne ni kujiamini kupita ujuzi. Hapa niruhusu niseme kama mwanamke. Watafiti wawili wa Marekani, Brad Barber na Terrance Odean, walichunguza akaunti za familia zaidi ya elfu sitini na sita kuanzia 1991 hadi 1996. Waliokuwa wakinunua na kuuza mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilipata 17.9. Katika utafiti mwingine waligundua kwamba wanaume walinunua na kuuza kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na wakajipunguzia faida kuliko wao. Kamati yetu ina watu saba, wote wanaume. Sisi wanawake ni zaidi ya nusu ya wanachama, na daftari linaonyesha kwamba hatuchelewi kuchanga. Chama hiki kilizaliwa kutokana na mwethya, kikundi cha kazi za pamoja cha mama zetu, wale waliochimba matuta ya fanya juu katika milima ya Machakos kwa majembe na mikono yao. Si haki kwamba binti zao wanaitwa siku ya kupika chai na siku ya kuchanga, lakini si siku ya kuamua.

Ya tano ni kupenda cha karibu. Tunanunua kiwanja hapa kwa sababu tunaweza kukikanyaga. Ardhi ni nzuri, sikatai, na mimi ninayo. Lakini ardhi haikatwi kipande cha kulipa hospitali usiku wa manane, na kiwanja cha pili kando ya barabara ile ile si utawanyaji. Ni kiwanja kile kile mara mbili.

Basi tufanye nini? Sikuja na malalamiko matupu.

Tuanze kwa kugawa fedha kwa wakati wake. Fedha ya miezi michache ijayo, yaani karo na dharura, isiwe kwenye mbuzi wala kiwanja. Ikae benki, kwenye sako inayosimamiwa, au kwenye hazina za soko la fedha, ambazo siku hizi mtu huingia kwa simu na kiasi kidogo. Fedha ya miaka kadhaa iende kwenye bondi za serikali. Tangu 2023 Benki Kuu ina mfumo wa DhowCSD ambao mtu hufungua akaunti kwa simu yake mwenyewe, na bondi huanzia shilingi 50,000. Peke yetu wengi hatufiki hapo, lakini kama chama tunafika. Fedha ya miaka kumi na zaidi ndiyo inayoweza kuvumilia hisa na ardhi.

Lakini hata huko tuulize habari za mto. Mtu anayeweka fedha kwenye hazina tatu za soko la fedha na kuongeza bondi anadhani ana mali nne. Hazina hizo zenyewe hununua hati za serikali na kuweka amana benki, kwa hiyo sehemu kubwa ya mali zake nne inamtegemea mdaiwa mmoja, serikali. Anayenunua hisa za benki tatu hana biashara tatu, kwa sababu wakopaji wakishindwa kulipa, benki zote huumia pamoja. Hata amana ya benki ina kikomo. Imperial Bank ilipofungwa Oktoba 2015, kinga ya amana ilikuwa shilingi 100,000 tu kwa mteja. Tangu 2020 ni 500,000. Chama chenye zaidi ya hapo kwenye benki moja kijue kwamba kinachozidi hakina mlinzi.

Pia utawanyaji usigeuke kuwa utapanyaji. Vitu vinne au vitano vinavyokunywa mito tofauti vinatosha. Vitu ishirini ambavyo hakuna anayevifuatilia ni vurugu, na mali bila daftari huisha bila habari.

Kisha tuandike kanuni kabla moyo haujachemka. Siku ya kununua kitu, iandikwe kwenye kumbukumbu tutakiuza lini na kwa sababu gani. Mara moja kwa mwaka, mwezi ule ule, tutazame kipi kimenenepa kupita sehemu yake, tupunguze, tuongeze kilichokonda. Wala tusiseme sisi ni wenye busara, hatuhitaji kanuni. Markowitz mwenyewe, aliyeandika hesabu ya utawanyaji, alipoweka fedha yake ya uzeeni aliigawa nusu hisa nusu bondi, kwa sababu aliogopa atakavyojuta soko likipanda naye hayumo, au likianguka naye yumo mzima mzima. Kama yeye aliuona udhaifu wake na kuuwekea uzio, sisi ni nani?

Sasa nafikia neno lililo zito kuliko yote, na nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa. Mvua ya Kivaa ni mto mmoja tunaokunywa sote. Mto wa pili ni wewe. Hati za viwanja vyote vitatu ziko katika sanduku moja, chini ya kitanda kimoja, nyumbani kwako. Sahihi ya benki inayotosha ni yako. Aliyetuuzia viwanja viwili kati ya vitatu ni jamaa yako, na bei hatukuilinganisha na ya mtu mwingine. Sikushuku kwa wizi hata chembe, na yeyote atakayesema nimesema hivyo amenisingizia. Lakini wewe ni mtu, na mtu huugua, husafiri, huchoka. Mungu apishe mbali, ukianguka leo, mali zetu tisa zitaanguka nawe, hata mvua ikinyesha usiku na mchana. Mtu mwaminifu hafurahii kuwa nguzo pekee ya nyumba ya watu.

Kwa hiyo nakuomba mambo manne, na naomba yawe ajenda ya kwanza ya mkutano ujao, kabla ya mengineyo. Pampu ya pili isinunuliwe. Hati ziwekwe benki, na sahihi ziwe tatu, mojawapo ya mwanamke. Viti vitatu vya kamati vipigiwe kura upya. Na katika lile daftari jeusi iongezwe safu moja, ambamo mbele ya kila mali tutajibu swali moja tu: hii inakunywa mto gani? Tutajaza sote, kwa sauti, chini ya mwarobaini. Tukiona jibu moja limejirudia mara nne au tano, hatutahitaji msomi wa kutuambia la kufanya.

Nitakuja mapema siku hiyo, na rula na kalamu. Nimeshalitazama daftari. Upande wa kulia kuna nafasi ya safu moja.

Wako kwa heshima na kwa nia njema,

Mwanachama, na binti wa mwethya
Kivaa